Kimo cha Mama Mita

Ukiingia ofisini kwetu utakutana na mama mkwe wangu kabla hujakutana na mtu yeyote anayelipwa mshahara. Yupo ukutani, korido nzima, kuanzia mapokezi hadi mlango wa choo, amesimama mbele ya ukuta wa barafu na mwavuli mweusi mkononi. Mwavuli umefungwa, ncha yake iko chini kando ya mguu wake. Kila mwaka una picha yake. Katika ya kwanza ni binti mwembamba aliyetoka kuolewa juzi, na barafu iliyo nyuma yake imepanda kama jengo la ghorofa, hata inakubidi uinue kidevu uone inapoishia. Ukitembea kuelekea chooni, Mama anaongezeka na barafu inapungua. Anapata miwani, anapata kiuno cha mtu mzima, anapata mvi. Ukifika kwenye picha ya mwisho, ile iliyo jirani na sabuni ya kunawia, barafu inamzidi kichwa kidogo tu. Angeuinua ule mwavuli angeigusa juu yake.

Wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kwetu wanamwita Mama Mita. Wanadhani ni utani wao. Hawajui kwamba ni ukweli mtupu, kwa sababu miaka yote hiyo kipimo cha ofisi yetu kilikuwa yeye.

Niwaeleze vizuri, maana kazi yetu watu wengi wanaisikia na kutikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa. Tunafuatilia barafu ya mlimani, ile inayokaa juu kule mwaka mzima, tujue inayeyuka kwa kasi gani jinsi dunia inavyozidi kupata joto. Setilaiti zinatusaidia, lakini setilaiti huiangalia barafu kutoka juu, kama mtu aliyepanda darini akiangalia meza. Anaona upana wa meza, haoni urefu wa miguu yake. Mtu pekee aliyekuwa akipima urefu wa ule ukuta wa barafu ni baba mkwe wangu. Alianza akiwa kijana, na dawati moja na kamera ya kuazima. Njia yake ilikuwa rahisi: chini ya ukuta unaweka kitu unachojua urefu wake, unapiga picha, kisha unahesabu ukuta umekipita mara ngapi.

Mwaka wa kwanza kitu hicho kilikuwa fimbo nzuri iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mpagazi aliteleza, fimbo ikaenda korongoni, na mpagazi mwenyewe nusura aifuate. Baba akabaki na kamera, na barafu, na mke mpya, ambaye alikuwa amepanda naye kwa sababu hakuolewa, alisema, ili aachwe nyumbani azungumze na masufuria. Baba akamgeukia.

"Urefu wako ngapi?"

"Mita moja na sitini."

"Kasimame pale."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ofisi baadaye ilinunua fimbo nyingine, ikakaa stoo hadi leo na bei yake bado imebandikwa. Baba ni mtu wa msimamo. Kipimo, anasema, hakibadilishwi katikati ya kazi. Kila mwaka mwisho wa kiangazi Mama alifunga duka lake, akachukua mwavuli wake wa kujikinga na jua la kule juu, linalounguza kuliko la bondeni, akapanda mlima kwenda kusimama. Baba alisogeza kamera, akainama, akasema "Jinyooshe," naye akajinyoosha.

Mimi niliingia katika familia hii kupitia mlango wa ofisi. Niliajiriwa kurusha droni. Mtoto wao akaja siku moja kumletea baba yake miwani aliyoisahau, akaniona nikiitukana betri, akarudi kesho yake bila miwani yoyote ya kuleta. Ni daktari wa meno, mtu mpole, anayechukia baridi kiasi kwamba hata soda anakunywa ya moto. Mimi upole sina. Nikiona kitu kimepinda, mkono unaniwasha mpaka nikinyooshe, na mume wangu husema ndiyo sababu yeye hutembea kwa uangalifu nyumbani.

Basi, mwaka huu Baba anastaafu. Na mwaka huuhuu, wataalamu wa barafu kutoka milima mbalimbali wanakusanya vipimo vyao katika kitabu kimoja kikubwa, na picha za Baba zilikuwa zipewe sura nzima. Nilikuwa sijawahi kumwona akifurahi namna ile. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Wahariri waliomba jambo moja tu, na waliliomba kwa adabu: vipimo vyake vilinganishwe na chombo kingine, kwa sababu kipimo kisichothibitishwa hakiingii kitabuni. Chombo kingine ni droni yangu, ambayo imekuwa ikiupima ukuta uleule kwa miaka michache sasa. Hakuna aliyewahi kuziweka namba zetu pamoja. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na tulikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Niliziweka pamoja, zikakataa kukaa.

Kwanza niliilaumu droni. Nikaipeleka nje ikapime ukuta wa jengo letu, ikaupima sawasawa. Nikalaumu kompyuta. Nikamlaumu mume wangu, ambaye alikuwa amekaa tu anakula chungwa. Namba za Baba zilikuwa kubwa kuliko zangu, mwaka baada ya mwaka, daima kubwa, hazikuwa chini ya zangu hata mara moja. Kosa la bahati mbaya huyumba huku na huku. Hili lilikuwa na tabia, kama mtu.

Nikakagua lenzi aliyotumia. Nikakagua mteremko wa mahali anaposimamisha kamera. Baba alikuwa ameandika kila kitu, kwa mwandiko wa mtu asiyetaka kuja kuulizwa maswali. Kila kitu kilikuwa kimepimwa mara mbili. Hatimaye nilisimama kwenye korido na kikombe changu cha chai, nikamtazama yule binti mwembamba wa picha ya kwanza, naye akanitazama. Nikagundua kwamba katika kazi nzima kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipima hata mara moja.

Mama ni fundi cherehani. Duka lake lina vyerehani viwili, kioo kirefu, na vipande vya vitambaa kila mahali unapotaka kukaa. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Nadhani hulala nayo. Nilimkuta akimpima kijana mmoja suruali ya harusi, akimwambia asivute tumbo ndani, kwani siku ya harusi atakula na suruali haitamsamehe. Nikangoja mpaka kijana akaondoka.

"Mama, simama kidogo nikupime."

"Unipime nini?"

"Nataka kukushonea gauni."

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Wewe uliyeniletea kifungo kimoja cha shati nikushonee juzi?"

Sipendi kuzungukazunguka, na nikijaribu huwa najikwaa. Mama akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani taratibu, bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka kwenye hewa tupu.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini?"

"Mwanangu, mimi nimelea mtoto mmoja tu lakini nimelea wateja wengi. Mtu akija na namba kichwani namwona tangu mlangoni."

Nikakaa juu ya vitambaa. Nikamwambia namba zimekataa. Akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetoa mwiba.

"Dada za Baba yenu walikuwa wananicheka. Unawajua walivyo, wote milingoti. Siku ya harusi nilivaa viatu vya kisigino mpaka vidole vikafa ganzi, na bado kwenye picha niliishia kwenye kifua chake. Sasa tupo kule juu, ananiuliza urefu wangu, wapagazi wote wanasikia. Nikasema sitini. Sitini ni namba nzuri, imekaa vizuri mdomoni. Mimi nilidhani anapiga picha ya kumbukumbu. Nilidhani ni mwanamume anayetaka kumkumbuka mkewe."

"Na ukweli ni ngapi?"

"Hamsini na tatu. Nikiwa nimelala vizuri."

Ningecheka, kama si uso wake. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Huyu alikuwa amepima mji mzima, maharusi na mahakimu na watoto wa shule, na hakuna aliyewahi kumzungushia futi yeye.

"Ulijua lini kwamba anapimia barafu kwa urefu wako?"

"Wakati ameshaisoma kazi yake mbele ya watu na wameshampigia makofi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na gauni jipya. Ningesimama niseme nini?"

Nikamwambia asijali, ni jambo dogo, tutazidisha kwa namba moja na kila kitu kitakaa sawa. Nilikuwa naongea huku nikimvua futi shingoni, nikamsimamisha kwenye kioo, nikampima kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa. Nikasoma. Nikasoma tena. Mita moja, arobaini na tisa.

Watu hupungua wakizeeka. Hilo nalijua, wewe unalijua. Lakini hakuna ajuaye ameanza kupungua mwaka gani, au kwa kiasi gani. Kama kosa lingekuwa lilelile miaka yote, ningelirekebisha kabla chai haijapoa. Sasa kipimo chetu kilikuwa kimebadilika chenyewe, taratibu, bila kumwambia mtu, na hapakuwa na njia ya kujua kila picha imebeba kosa la ukubwa gani. Mama aliona mkono wangu umesimama.

"Kwa hiyo haitaingia kitabuni," akasema.

"Kwa ilivyo sasa, hapana."

Alichukua futi mkononi mwangu akaikunja vizuri, duara dogo, akaiweka mezani. Tangu nimjue sikuwahi kumwona shingo tupu.

"Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Jumapili tulikwenda kwao kula mchana, kama kawaida yetu, na Baba alikuwa anaongea juu ya safari ya mwisho wa kiangazi, nani atabeba nini, gari litafika wapi, wakati Mama alipokata maneno yake.

"Mimi mwaka huu sipandi. Goti linaniuma."

Baba akaweka kijiko chini. "Goti gani?"

"Hili."

"Jana ulikuwa umepanda juu ya meza unatundika pazia."

"Ndiyo maana linauma."

Mume wangu, ambaye hakujua chochote na anapenda amani kuliko chakula, akasema basi mimi ningeweza kusimama mahali pa Mama. Baba akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayechagua mlango.

"Huyu ni mrefu mno," akasema. "Nimepima kwa mama yako tangu mwanzo. Siwezi kumalizia kwa mtu mwingine. Kama hapandi, hatupandi." Akachukua kijiko tena. "Na barafu ile haitatungoja mpaka mwakani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ya mtu anayekubali kupoteza kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama akainuka na sahani ambazo watu walikuwa bado hawajamaliza, akaenda jikoni. Nikamfuata, na mimi hasira nilikuwa nayo ya kutosha watu wote mezani.

"Mama, unajificha, na anayeumia ni yeye."

Alikuwa ameshika ukingo wa sinki. "Atanitazama vipi? Niambie. Kila anapokwenda anasema, mimi nyumbani kwangu nina kipimo kimoja ambacho hakijawahi kunidanganya. Anawaambia watu wazima, maprofesa. Mimi nipo pembeni natabasamu." Machozi yakaanza kumshuka, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na povu. "Nimempenda huyu mzee tangu akiwa hana hata koti la baridi. Kitu kimoja tu alichoniomba ni nisimame. Na hata kusimama nimemharibia."

Sijui kubembeleza. Nilitafuta kitambaa cha kumfuta uso, nikageukia nyuma ya mlango mahali wanapotundika vitu, na pale kwenye msumari ulikuwa umening'inia mwavuli.

Nikausahau uso wa Mama. Mungu anisamehe, alibaki pale na machozi yake.

"Mama, huu ni uleule?"

"Uleule upi?"

"Wa kwenye picha. Wa picha zote."

"Kitambaa nimebadilisha mara nyingi, hata sikumbuki. Lakini mti wake ni uleule, na ncha ile ya chuma. Mama yangu alinipa nilipoolewa. Kwa nini?"

Futi ilikuwa imerudi shingoni kwake. Niliivuta palepale, nikaulaza mwavuli juu ya meza ya jikoni kati ya vitunguu, nikaupima kuanzia ncha hadi juu ya mpini. Binadamu hupungua. Mti mkavu na chuma havina habari hiyo. Kila mwaka, katika kila picha, kando ya kipimo kilichotudanganya kulikuwa kumesimama kipimo kingine, kimya, kinangoja mtu mwenye akili apite. Nami nilikuwa nimepita pale kila siku nikielekea chooni.

Wiki ile nilikaa na picha moja baada ya nyingine kwenye kioo cha kompyuta, nikipima mwavuli, kisha Mama, kisha ukuta. Sikutarajia kwamba ingekuwa kazi ya kunigusa moyo. Miaka mingi Mama alibaki hamsini na tatu, imara. Kisha nikamwona akianza kushuka, kidogo, karibu usione. Mwaka mmoja katikati aliruka juu ghafla, akawa mita moja na sitini kamili. Nikaipanua ile picha, nikatazama chini ya gauni lake. Alikuwa amesimama juu ya jiwe. Ulikuwa ni mwaka uliofuata ule wa makofi na gauni jipya. Maskini, alikuwa anajaribu kuirudisha ile sitini iwe kweli. Mwaka uliofuata jiwe halipo. Nadhani Baba alimwambia ashuke.

Nilipomaliza, namba za picha na namba za droni zilikaa pamoja kama bakuli na kifuniko chake. Nikaenda dukani nikamwambia Mama dawa imepatikana, lakini mgonjwa lazima aambiwe, kwa kuwa jina litakaloandikwa juu ya ile sura ni la Baba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Baba atakuwa ofisini kesho asubuhi.

Alikuja amevaa viatu bapa. Baba alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye maboksi, mimi nikimsaidia kwa kumwambia avitupe. Mama akaingia, akaegemeza mwavuli kwenye dawati, akasimama na mgongo wake kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa mbao. Akamnyooshea Baba futi.

"Nipime."

"Nini tena?"

"Nipime, mume wangu."

Baba alinitazama mimi, nami nikaangalia dirishani. Akampima. Aliinama polepole, akashikilia chini kwa kidole, akapanda na futi hadi kichwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaigeuza futi akapima kuanzia juu kwenda chini.

Mama akamwambia. Hakulipamba neno hata moja. Alisema juu ya dada za Baba, na viatu, na wapagazi, na sitini, na jiwe pia. Mimi nilikuwa nataka kutoka lakini yeye ndiye aliyekuwa mlangoni.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," akamalizia. "Yangu imekuwa ndefu kuliko mimi."

Baba hakucheka. Alimpita, akaenda kwenye korido, akatembea mbele ya zile picha, kuanzia ya kwanza. Tulivisikia viatu vyake vikienda, vikisimama, vikienda. Mama alikuwa ameushika mkono wangu, na sikujua vidole vya fundi vina nguvu namna ile. Nikatamka kwa sauti, ili anisikie kule aliko, kwamba mwavuli umeokoa kila kitu, namba zote zimekaa, mhariri hatakuwa na neno. Viatu vikarudi.

"Lenzi niliipima mara mbili kila mwaka," akasema. "Kamera nilipima kimo chake kutoka chini. Mteremko niliupima. Hata upepo niliupima, na upepo haukuwa na maana yoyote. Wewe sikukupima hata mara moja."

"Umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia. Ni mpimaji gani anayechukua namba ya mdomo akaenda nayo?"

"Mume," Mama akasema.

Alisimama akiwa bado ameshika futi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, na kidogo alikuwa analia kweli, lakini zaidi alikuwa anacheka. Akaizungusha ile futi shingoni kwa Mama, mahali pake, akaiweka sawa pande zote mbili kama anayemvisha mtoto skafu.

Aliandika marekebisho asubuhi ileile, juu ya boksi, kwa kuwa dawati lilikuwa limejaa. Nilimwonyesha nilichopata. Alipofika kwenye miaka ya karibuni, ile ambayo Mama amepungua na kosa likakua, akaweka kalamu chini. Kipimo kifupi kuliko unavyodhani huikuza barafu. Miaka ambayo alidhani ukuta bado una mwili kidogo, haukuwa nao.

"Kwa hiyo imekwenda haraka kuliko nilivyowaambia watu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Mama alikuwa anasoma juu ya bega lake. "Usiandike kwamba nilidanganya. Dada zako watakisoma hicho kitabu."

"Dada zangu hawajasoma kitabu tangu shule." Akaandika mstari, kisha akausoma kwa sauti ili Mama aidhinishe mwenyewe: urefu wa mtu aliyetumika kama kipimo haukuthibitishwa na mpimaji, kosa ni la mpimaji, limerekebishwa kwa kutumia mwavuli.

"Mwavuli wa nani?"

Akaongeza: wa mke wake.

"Na goti lako?" akamuuliza bila kuinua uso.

"Haliumi sana."

"Hiyo nayo niichukue hivyohivyo ya mdomo?"

Tulipanda mwisho wa kiangazi, sote wanne. Gari lilitufikisha mbali kadiri barabara ilivyokubali, na kutoka hapo tulitembea kwa mwendo wa Mama, kwa sababu ikaja kuonekana kwamba goti lilikuwa linauma kweli. Mume wangu alivaa sweta zake zote, akabaki kambini kulinda jiko la chai, kazi aliyoifanya kwa moyo mmoja. Sisi watatu tukaendelea asubuhi, kabla jua halijalegeza barafu.

Nilijua nitakachokiona, kwani mimi ndiye ninayesoma namba. Hata hivyo nilisimama njiani. Ule ukuta ambao kwenye picha ya kwanza ulikulazimisha uinue kidevu, sasa ulikuwa kitu cha kuegemea kiwiko. Maji yalikuwa yanachuruzika chini yake, membamba, safi, yakienda zake kati ya mawe. Baba alifungua miguu ya kamera, na ilimchukua muda kuliko kawaida, kila skrubu aliikaza akailegeza akaikaza tena.

Mama akaenda kusimama mahali pake. Aligeuka akaitazama barafu kabla ya kuitazama kamera. Ilimfikia begani. Mwanamke aliyechekwa na mawifi, aliyevaa visigino mpaka vidole vikafa ganzi, aliyepanda juu ya jiwe, leo hatimaye alikuwa amekishinda kitu fulani kwa urefu, na sijawahi kuona mtu aliyeshinda akiwa na uso ule. Alinyoosha mkono akaipapasa juu yake, polepole, kama unavyompapasa mgonjwa kichwani. Kisha akatugeukia, akausimamisha mwavuli kando ya mguu wake.

Baba akainama kwenye kamera. "Jinyooshe," akasema, kama kila mwaka.

"Nimejinyoosha."

Mimi nilikuwa naye kwenye kioo cha droni, karibu kabisa. Chini ya koti lake refu nililiona gauni limejikunja. Alikuwa amekunja magoti, lile zima na lile bovu, akajishusha mpaka utosi wake ukawa sawasawa na barafu, na alikuwa anatetemeka kidogo kwa uzito wake mwenyewe. Nikafungua mdomo niseme. Baba, bila kuondoa jicho kwenye kamera, akaniinulia kiganja.

Alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwavuli umesimama wima?" akamuuliza.

"Umesimama."

"Basi inatosha, mke wangu," akasema, na akapiga picha.